Sura ya Sita: Nani Ameshika Shingo ya Faneli?

Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa akitawala wilaya ya Tanga, alikuta katika misitu ya Tanga na Usambara ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya laini, linalopenda miamba yenye kivuli na unyevu. Alilituma kwa baba yake Ujerumani. Baba akalifikisha kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akalipa jina la kisayansi la Saintpaulia ionantha. Haikupita muda, kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya Erfurt ikawa inauza mbegu zake. Watu waliliona kwenye maonyesho ya maua, wakalikuta tena kwenye orodha za wauza mbegu, wakaagiza. Miaka ya 1920 kampuni ya Armacost na Royston ya California ikatoa aina mpya, na tangu hapo ua hilo limejaa kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani. Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la Usambara.

Milima ya Usambara ilitoa ua, ikatoa hata jina la kulitangazia. Pesa zilibaki Erfurt na California, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na orodha ya bei, anwani za wanunuzi na mahali pa kupokelea malipo. Nimeanza na habari hii ya zamani kwa kuwa naiona ikijirudia kila siku kwenye simu za watu wa Lushoto, huku huku Usambara. Picha nzuri ni yetu, mteja anavutiwa na mali yetu, halafu malipo yanapita mikononi mwa mtu mwingine. Au hayapiti kabisa.

Sura hii inahusu faneli ya mauzo. Faneli kila mtu anaijua: mdomo mpana juu, shingo nyembamba chini, ya kumiminia mafuta ya taa kwenye chupa bila kumwaga. Kwenye biashara, juu wanaingia watu wengi waliokuona tu, na chini wanatoka wachache waliolipa. Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko intaneti. Mmarekani Elias St. Elmo Lewis, mtu wa matangazo, anatajwa kuwa ndiye aliyeanza, mwaka 1898, kueleza kwamba mnunuzi hupita hatua kwa hatua: anaona, anavutiwa, anatamani, mwisho anachukua hatua. Mwaka 1924 William Townsend, katika kitabu chake kuhusu uuzaji wa hatifungani, akazifananisha hatua hizo na faneli, na mfano ukashika. Kasoro yake ni moja, na ni kubwa. Faneli ya jikoni haipotezi tone. Ya mauzo inavuja kila hatua, na kazi ya mfanyabiashara ni kujua inavuja wapi.

Wengi wanaofundisha biashara ya mtandaoni huanzia juu. Ongeza wafuasi, lipia tangazo, posti kila siku. Mimi naanzia chini, kwenye shingo: bei, jibu, malipo, na namba ya simu ya mteja. Anayeshika hivyo vinne ndiye mwenye biashara, hata kama hakupiga picha hata moja. Asiyevishika anafanya kazi ya kutangaza kwa niaba ya wengine.

Tuwatazame kwanza waongoza watalii. Utalii wa kitamaduni wa Lushoto ulipangwa katikati ya miaka ya 1990, shirika la Uholanzi la SNV lilipokuwa likisaidia vijiji mbalimbali vya Tanzania kupokea wageni bila kupitia kampuni kubwa, na sehemu ya malipo ya mgeni ikienda kwenye maendeleo ya kijiji. Wageni wa siku zile walikuja kwa vitabu vya mwongozo na kwa kuambiana wao kwa wao. Mtu alishuka Mombo, akapanda kilomita 33 za kona hadi Lushoto kupitia Soni, akaingia ofisini, akaelezwa njia na bei, akalipa, kesho yake akaanza kutembea. Faneli nzima, juu mpaka chini, ilikuwa ndani ya mji mmoja, na mwenyeji ndiye aliyeishika.

Leo mgeni huyo anaamua akiwa bado Utrecht. Ameona picha ya mtu amekaa kwenye jabali la Irente, tambarare ya Mazinde iko chini kwenye ukungu. Anatafuta. Anajifunza kwamba kuna matembezi ya siku tatu au nne, kupitia msitu wa Magamba na Lukozi, kulala Rangwi, kumalizia Mtae au Mambo, ambako siku ya anga safi unaona Mkomazi. Ameshatamani. Sasa anatafuta wa kumlipa, na mtu wa kwanza anayemkuta si mwongozaji wa Lushoto. Ni tovuti ya kimataifa ya kuwekea nafasi, yenye bei, maoni ya waliotangulia, na kitufe cha kulipia kwa kadi. Tovuti za aina hiyo kwa kawaida hubakiza karibu asilimia 15 ya malipo, nyingine zaidi. Siwalaumu wenye tovuti hizo. Wamejenga sehemu ile ya faneli ambayo sisi hatukuijenga, na wanailipisha. Ila kila mwenye nyumba ya wageni na kila mwongozaji ajue kwamba asilimia ile anailipa kwa sababu mtu mwingine alijibu maswali matatu kabla yake: ni kiasi gani, nafasi ipo, nalipaje.

Ushauri wangu si kujitoa kwenye tovuti hizo. Zinaleta watu, ziache zilete. Lakini ziwe mdomo wa juu tu. Mgeni akishafika, safari yake ya pili, rafiki yake atakayemtuma na shemeji yake anayetaka kuja Desemba wasilazimike kupita huko tena. Namba yako ya WhatsApp iwe kwenye karatasi ya ratiba unayompa siku ya kwanza, na jina la biashara liwe lile lile analoliona kwenye ramani ya Google. Nimeona watu wenye jina moja ubaoni, jingine Instagram na jingine kwenye ramani. Mgeni hawezi kumpendekeza mtu ambaye yeye mwenyewe hampati.

Kuna tatizo la Usambara hasa ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji. Msituni mtandao unakuja na kwenda. Mwongozaji anaingia Magamba na wageni saa mbili asubuhi, anatoka jioni, anakuta ujumbe wa saa tatu asubuhi ukiuliza kuhusu Julai. Yule wa Utrecht aliwaandikia watu wanne kwa mpigo, na aliyemjibu mchana ameshapokea malipo ya awali. Dawa ni mtu wa pili anayebaki mjini na simu, awe mke, mdogo wako au mwenzako wa zamu. Na kabla hujampata, acha simu ya biashara mahali penye mtandao, maana bila mtandao jibu haliondoki, na uweke ujumbe wa kiotomatiki kwenye WhatsApp Business, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2018, wenye vitu vitatu tu: bei ya kuanzia kwa siku moja na kwa siku tatu, miezi unayopokea wageni, na saa utakayojibu mwenyewe. "Nipo msituni na wageni, nitakujibu leo saa moja jioni" ni sentensi yenye nguvu. Inamwambia kwamba upo kazini na kwamba unatunza ahadi, ilimradi saa moja ikifika ujibu kweli.

Jibu lenyewe liandikwe kana kwamba mgeni yuko mlangoni na mkoba. Aelezwe analala wapi kila usiku, chakula kimo au hakimo, ada ya kuingia hifadhi ya msitu imo au haimo, anarudije kutoka Mtae, na kama anakuja Juni hadi Agosti abebe sweta kwa sababu usiku wa huku ni baridi kweli. Watu wengi hudhani habari za sweta ni za baadaye. Kinyume chake. Anayeuliza habari za baridi ameshajiona yuko mlimani, na yuko karibu na kulipa kuliko mia waliobonyeza alama ya moyo kwenye picha. Ukijua swali la aina hiyo linamaanisha nini, utaacha kumjibu kwa neno moja.

Malipo ya wageni wa nje nayapita haraka. Hawana M-Pesa, na kuwaambia watume kwa benki kabla hawajakuamini ni kuwafukuza. Zipo kampuni zinazokupa kiungo cha kulipia kwa kadi, Pesapal na Selcom miongoni mwao. Makato yao ulinganishe na asilimia 15, halafu uamue.

Sasa matunda, ambako naona hasara kubwa zaidi, na ambako karibu kila kitu kinarekebishika kwa simu iliyopo mfukoni. Mwishoni mwa mwaka plamu za Lushoto zinaanza kuiva, peasi zinafuata. Kwa miaka mingi njia ilikuwa moja: mkulima anamuuzia mchuuzi au dalali, tenga linashuka Mombo, na kutoka hapo linakwenda kwenye masoko ya Dar es Salaam, ambako bei inapangwa na watu wasiojua shamba lilipo. Mtandao ulileta uwezekano mpya kabisa wa mama wa Tabata kununua ndoo kwa dada wa Lushoto bila mtu katikati. Uwezekano huo unafia kwenye maongezi. Haya hapa ni maongezi niliyoyatunga, lakini aliyewahi kununua chochote Instagram atayatambua. Picha ni ndoo ya plamu zinazong'aa, chini pameandikwa "Plamu fresh kutoka Lushoto, karibuni DM." Mtu ameuliza hadharani, "Bei?" Amejibiwa, "Njoo DM mpenzi." Amekwenda.

"Habari dada. Plamu zipo?"

Saa tano baadaye: "Zipo dear."

"Ndoo bei gani?"

"Upo wapi?"

"Dar, Tabata."

"Ndoo kubwa au ndogo?"

"Ndogo."

"35,000."

"Pamoja na usafiri?"

"Usafiri juu yako."

"Shilingi ngapi?"

"Inategemea na basi."

"Sawa, nitakucheki."

Kila muuzaji anajua "nitakucheki" maana yake nini. Na wengi hujiambia mteja ameona bei kubwa, basi kesho wanashusha. Someni tena maongezi hayo. Mteja hakulalamikia 35,000 hata mara moja. Alichokosa ni jumla. Kila alipouliza alipata swali jingine au nusu ya jibu, na alipofika kwenye "inategemea na basi" akatambua kwamba hata akikubali, bado hajui atatoa shilingi ngapi. Mtu hawezi kulipa kiasi asichokijua. Ametoka akiwa bado anataka plamu.

Muuzaji huyo huyo siku ya gulio hafanyi hivi. Gulioni anataja bei kabla hujauliza, anakukatia tunda uonje, anakupimia huku akiongea, na ukisita anaongeza mawili juu ya kisado. Ana ustadi wote wa kumtoa mtu kwenye kutazama mpaka kulipa, alioupata kwa mama yake. Akishika simu anauacha nyumbani. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba ukiandika bei hadharani washindani wataiona. Wataiona ndiyo, na wangeweza kuiona kwa kujifanya wateja. Anayekosa kuiona ni yule mwenye bando la kubahatisha, anayepitia kurasa akiwa kwenye daladala, ambaye angeamua hapo hapo kama angejua.

Ujumbe mmoja ungetosha. Bei hizi ni za mfano, kila mtu aweke zake:

"Karibu sana dada. Ndoo ndogo ya lita 10 ni 35,000, kubwa ya lita 20 ni 65,000. Kwa Dar tunatuma kwa basi, unapokelea Mbezi, Stendi ya Magufuli, na nauli ya mzigo kwa ndoo ndogo ni 5,000. Jumla yako ni 40,000, hakuna ya kuongeza. Tunachuma Jumatano, basi linaondoka Alhamisi asubuhi, jioni unazo. Nikuchumie zilizoiva za kula siku hiyo, au ngumu kidogo za kukaa siku nne?"

Swali la mwisho nalipenda kuliko yote. Halimuulizi kama atanunua. Linamuuliza anazitaka zikiwaje, na mtu akianza kufikiria plamu za siku nne ameshaanza kupanga nafasi kwenye friji. Hakuna ulaghai hapo, kwa kuwa ni swali ambalo muuzaji anahitaji kweli jibu lake kabla ya kwenda shambani. Ujumbe wenyewe uhifadhiwe kwenye sehemu ya majibu ya haraka ya WhatsApp Business, ili usiandikwe upya mara arobaini kwa siku na mtu aliyechoka.

Halafu inakuja hatua ya pesa, ambapo mteja aliyekwisha kukubali anapotea mbele ya macho yako. Mambo mawili humtoa. La kwanza ni "tuma na ya kutolea." Umemwambia 40,000, sasa unamwongezea. Kiasi ni kidogo, lakini kimevunja neno "hakuna ya kuongeza", na mtu hujiuliza kitakachofuata ni nini. La pili ni jina. Kila Mtanzania mwenye simu anaujua ule ujumbe wa matapeli unaosema ile hela itume kwenye namba hii. Tumefundishana wenyewe kutazama jina linalotokea kabla ya kubonyeza namba ya siri. Sasa ukurasa una jina la matunda, aliyekuwa akiongea ni mwanamke, na jina linalotokea kwenye malipo ni la mwanamume mwenye ukoo mwingine, kwa kuwa laini ni ya shemeji. Mteja mwenye akili anaghairi, na ana haki.

Lipa Namba inatibu yote mawili kwa pamoja. Inasajiliwa kwa jina la biashara, jina hilo ndilo mteja analoliona, na malipo hayana habari ya kutolea. Iandike kwenye katalogi yako ya WhatsApp Business, kwenye ukurasa wako na kwenye ndoo yenyewe, isibadilike kila wiki. Na kwa mteja mpya ambaye bado anasita, mpe njia ya kukuamini kidogo kidogo: alipe nusu, wewe utume, umpigie picha risiti ya mzigo na namba ya konda, kisha amalizie. Wapo watakaokukimbia na nusu yako. Kwa ndoo moja ya plamu hiyo ni hatari unayoweza kuipima, na anayeona risiti ya basi mara ya kwanza hataiomba mara ya tatu.

Hebu tuiweke kwenye hesabu, ya mfano tu. Watu 2,000 wameona picha. Mia moja wameuliza. Kati yao 30 wamefika mpaka kuijua jumla, 10 wamesema ndiyo, na 6 wamelipa. Muuzaji anayetaka kuuza ndoo 12 badala ya 6 ana njia mbili. Anaweza kulipia tangazo waone watu 4,000, waulize 200, na mambo mengine yakibaki vile vile atapata 12. Au anaweza kuhakikisha kwamba katika mia wale wale 60 wanaijua jumla badala ya 30, naye atapata 12. Kwenye karatasi majibu yanalingana, kwenye mfuko hayalingani. Njia ya kwanza inakula pesa ya tangazo na inazaa watu 188 walioondoka bila kitu badala ya 94, wengi wao wakiwa na kumbukumbu ya mtu asiyejibu. Njia ya pili imegharimu ujumbe mmoja ulioandikwa vizuri. Nasisitiza hili kwa kuwa nimeona vijana wakikopa pesa za kulipia matangazo kabla hawajaweka bei kwenye ukurasa. Inaniuma, kwa sababu pesa ile ni ya ada au ya mbolea.

Ili ujue unavuja wapi lazima uandike. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari limeshatengenezwa. WhatsApp Business inakuja na lebo za kubandika kwenye maongezi, zikiwamo hizi: mteja mpya, oda mpya, malipo yanasubiriwa, amelipa, oda imekamilika. Hiyo ni faneli kamili, na imelala kwenye simu za watu wengi bila kuguswa. Kila jioni, dakika kumi, bandika lebo. Baada ya wiki mbili tazama wapi watu wamerundikana. Wakiwa wengi kwenye mteja mpya, ujumbe wako wa bei ni mbovu. Wakiwa wengi kwenye malipo yanasubiriwa, tafuta tatizo kwenye jina, kwenye ya kutolea, au kwenye muda wa kutuma. Hao wa malipo yanasubiriwa ndio wa kuwaandikia kesho asubuhi, mara moja, kwa adabu: "Dada, tunachuma kesho, nikuwekee?" Akinyamaza, mwache. Ujumbe wa tatu ni usumbufu, na wa nne unafanya namba yako izuiwe.

Hapo hapo niseme juu ya mtindo wa "zimebaki mbili tu" wakati ghala limejaa. Unafundishwa sana, na unauza kwa siku chache. Mimi siutaki. Matunda yana uharaka wake wa kweli: mti ukimaliza umemaliza, basi likiondoka limeondoka, mvua ikinyesha hapachumwi. Sema huo, utatosha.

Upande wa baada ya kununua ndio unaosahaulika, na ndio wenye faida kubwa, kwa kuwa mteja anayerudi hukumtafuta upya. Shamba la Irente, la kanisa la KKKT, liko kwenye njia ya wanaokwenda kutazama mandhari. Watu wanasimama, wanakula mkate na jibini, wanaondoka na jamu. Fikiria kila chupa ya jamu inayoshuka mlimani, ya shamba lolote au ya kikundi chochote cha akina mama. Inakaa mezani Dar au Nairobi wiki kadhaa, inaonwa kila asubuhi na familia na wageni wake. Kama lebo haina namba ya simu inayopatikana WhatsApp, tangazo hilo limekwenda bure. Namba iwe kubwa kiasi cha kusomwa bila miwani.

Na mteja akikuandikia, mwombe akusevu. Si kwa ajili ya heshima tu. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua watu 256, na ujumbe wake unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Watu wengi wanatuma kwa mia mbili na hawajui kwamba umefika kwa thelathini. "Nisevu kwa jina la plamu Lushoto, msimu ukianza nikushtue" ni ombi ambalo karibu kila aliyefurahia ndoo ya kwanza atalikubali. Uliza pia kama yuko tayari kupokea ujumbe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitambua taarifa kama namba ya simu kuwa ni mali ya kulindwa. Kuchukua orodha ya wateja wako na kumpa mwenzako anayeuza vitenge si jambo dogo tena. Hata bila sheria lisingekuwa jambo zuri.

Orodha hii ndiyo shingo yenyewe. Novemba 2019 Jumia, soko la mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania. Muuzaji ambaye wateja wake aliwajua kwa namba za oda tu aliamka hana mtu wa kumwandikia. Aliyekuwa na namba zao aliendelea na kazi Jumatatu. Kurasa za Instagram nazo hudukuliwa na hufungiwa. Kwa hiyo orodha iandikwe na kwenye daftari la karatasi, jina, mtaa, alichonunua, anazipenda zikiwa ngumu au laini, na tarehe.

Msimu ukikaribia, kabla ya picha yoyote kwenda hadharani, waandikie hao kwanza. Tuseme mwaka jana walinunua watu 60. Ujumbe uwe mfupi: "Shikamoo mama, ni mimi wa plamu za Lushoto. Mwaka jana ulichukua ndoo mbili ndogo, ngumu kidogo. Tunaanza kuchuma wiki ya pili ya Desemba. Bei ni ile ile, 40,000 kwa ndoo mpaka Mbezi. Nikuandikie za wiki ya kwanza?" Kwa kijana mwenzako ondoa shikamoo, weka salamu yenu. Taja alichonunua, kwa sababu hapo ndipo anapojua kwamba hukutuma kwa watu wote. Waliojibu ndiyo waingize kwenye oda mpya, walionyamaza waandikie tena Januari peasi zikiwa tayari, na wale waliohama au waliochoka wafute. Ukishajua ndoo zilizobaki baada ya hao, ndipo upige picha na kuiposti, bei ikiwa chini yake.